Vidonge vya Pinki Kwenye Ungo wa Maharage

Kampala,
Ijumaa asubuhi.

Mdogo wangu Novatus,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote hapo Nkwenda. Wifi yangu Editha hajambo? Watoto wanakwenda shule au mmewaweka stoo wachambue maharage? Mimi ni mzima wa mwili. Mgongo unanisumbua kwa kubeba makatoni, lakini huo ulianza zamani na tumeshazoeana. Mvua huku inanyesha bila mpangilio, na nimesikia kwamba huko Kaisho upepo umeangusha migomba na kibanja cha mama kimepoteza mikungu mingi. Poleni sana.

Kabla hujaendelea kusoma, ondoka hapo ulipo. Kama umekaa stoo na wapakiaji wako, ingia chumba cha nyuma ufunge mlango. Barua hii nimeibandika kwa gundi, na mama Pelagia, huyu jirani yangu anayeleta vitenge huko, nimemwambia akupe mkononi, asimpe mtu mwingine, hata kama umetoka kidogo tu. Ni mama mwenye subira, atakungoja.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako haina siri. Ukipokea unaweka sauti kubwa, nusu ya ukoo inasikiliza, na ukibanwa kidogo unasema mtandao unakatika. Karatasi haikatiki. Utaisoma mpaka mwisho, na ukiichana, nina nakala.

Ngoja nianze mwanzo, maana naona mwanzo umeusahau, au umeamua kuusahau.

Unakumbuka mama alivyoambiwa kwamba kile kimlango cha moyo wake hakifungi vizuri, na damu yake inaweza kuganda ndani kwa ndani ikampooza upande mmoja kama ilivyompooza marehemu shangazi. Daktari akampa kidonge cha kuizuia damu isigande, ameze kila siku maisha yake yote. Bei ya dawa ikamshinda. Akawa anameza leo, kesho anaruka, na sisi tukimuuliza anasema anameza. Niliyagundua nilipokuja Krismasi, nilipokuta vidonge vya mwezi wa kumi bado vimo kwenye karatasi zake. Nilimgombeza mpaka akalia, na bado najuta kumliza.

Niliporudi kazini nikamwendea mfamasia wetu. Huyu mama tunamwita Nalongo kwa kuwa amezaa mapacha. Mimi si mtu wa dawa, Nova, mimi ni mpakiaji tu kwenye ghala la dawa za jumla, nafunga makatoni na kuandika majina ya maduka. Lakini nimeona kwamba dawa ileile ya mama huku ni nafuu sana. Nikamuuliza kama naweza kumpelekea mama yangu. Hakunicheka wala hakunifukuza. Akasema, "Leta cheti cha daktari wake, usiniletee jina ulilolisikia kwenye simu."

Nikakusumbua wewe mwenyewe ukanipigia picha cheti. Nalongo akakisoma, akampigia daktari wa mama, wakaongea kama nusu saa, mimi nimesimama pale kama mtuhumiwa. Akahakikisha kwamba dawa hiyo imesajiliwa huku na imesajiliwa na kwetu. Akaangalia jina la dawa yenyewe, si jina la kiwanda. Akaangalia nguvu yake, ile namba ndogo iliyoandikwa pembeni, akaizungushia kalamu nyekundu mara mbili. Akanipa ya miezi mitatu, isizidi, ya mtu mmoja, ikiwa ndani ya boksi lake lenye karatasi ya maelezo, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo, pamoja na risiti. Daktari naye akasema mama akaanze kupimwa damu kila wiki mpaka waone imetulia. Mpakani Murongo niliifungua ile mifuko yangu mwenyewe kabla sijaambiwa, nikaweka cheti juu ya meza. Yule kijana wa forodha akauliza maswali yake yote, akampigia simu mkubwa wake, akaandika kwenye daftari, akanirudishia. Nilikaa pale karibu saa mbili, nikapita nikiwa nimeinua uso.

Ndivyo tulivyofanya, mzigo wa pili akaupeleka mama Pelagia kwa njia hiyohiyo, na mama akaacha kuruka siku. Vipimo vikakaa vizuri. Nusu mwaka mzima alikuwa anapalilia, anachambua maharage yako, anaimba. Kwa hiyo usije ukaniambia kwamba dawa ya kutoka nje ni mbaya, au kwamba mimi ndiye niliyeanzisha ubaya. Niliyoleta mimi ilikuwa na njia yake, na kila mtu kwenye njia hiyo alikuwa na jina.

Lakini kosa langu nalo nitalisema, ili usidhani nimekuja kukuhukumu nikiwa msafi. Mama hajui kusoma. Alikuwa na vidonge vya aina mbili, vyeupe vya presha na hivi vya pinki vya damu. Siku niliyomletea nilikaa naye kwenye kizingiti, ungo uko magotini mwake, nikamwambia, "Mama, hii ni kazi yako ya kila siku. Wewe si unachambua njano peke yake na mekundu peke yake? Basi nyeupe moja asubuhi, pinki mbili jioni. Fuata rangi." Akafurahi sana. Akasema kumbe dawa ni rahisi namna hii. Mwanamke aliyechambua maharage ya wanunuzi tangu sijazaliwa, nikamwambia afuate rangi. Sikumwambia kwamba rangi kiwandani ni mapambo tu, kila kiwanda kinapaka kinavyotaka. Na sikumwambia kwa sababu na mimi nilikuwa silijui hilo.

Kisha ukaja wewe. Ulianza kwa wema, nakubali. Ukasema, "Dada, usimsumbue tena mama Pelagia, mimi nakuja Uganda na maharage kila mara, nitachukua mwenyewe." Nikafurahi. Nikawaambia wenzangu kazini kwamba nina mdogo wangu ana akili. Mzigo wa kwanza ukauchukua kwangu. Zamu ya pili ilipofika ukaniambia mama bado anazo nyingi, tusubiri. Nikasubiri. Sikujua kwamba umeshapata mahali pengine, duka lisilo na kibao, la mtu ambaye hata wewe mwenyewe jina lake hukuliuliza. Ulipewa kwa bei ya chini kuliko ya kwetu. Mimi nafanya kazi kwenye ghala la jumla, Nova. Hakuna anayeuza chini ya ghala isipokuwa ana sababu.

Nilianza kuhisi jambo pale mama aliponiambia ana mabaka meusi mikononi. Nikamuuliza ameanguka? Akasema hapana, ni ukingo wa ungo unamchubua, amezeeka, ngozi imekuwa laini. Wiki iliyofuata akasema anatema mate mekundu akipiga mswaki. Nikasema labda mswaki mgumu. Nimekaa katikati ya dawa mchana kutwa, nikasema labda mswaki mgumu. Halafu Jumapili ile damu ikamtoka puani kanisani, kanga ikalowa, wakamtoa nje wakamlaza kwenye nyasi, wakadhani ni jua.

Editha ndiye aliyenitumia picha. Nilimwomba anipigie picha dawa zote za mama, akanitumia picha ya kopo la maziwa ya unga. Nikamuuliza boksi ziko wapi, akasema hakuna boksi, vimo humu tu. Nikamwambia amwage kwenye kitambaa apige tena. Mkeo hana haraka, alivipanga vizuri kabisa kwa mistari. Vyote pinki. Nilivitazama mpaka macho yakauma, nikaanza kuona. Vingine vina mstari katikati, vingine havina, na hivi visivyo na mstari ni vinene kidogo. Nikampelekea Nalongo simu. Aliikuza picha, akavua miwani, akavaa tena. Akasema, "Hivi vyenye mstari ni vyetu. Hivi vingine ni dawa hiyohiyo, lakini kimoja kina nguvu ya vitano. Anameza vingapi?" Nikamwambia viwili. Akaanza kutafuta namba ya daktari wa mama.

Hayo ya hospitali unayajua, ulikuwepo. Walimchoma sindano ya kuifanya damu igande tena, wakamwongezea na damu nyingine, na daktari akasema angechelewa siku mbili tungekuwa tunaongea mengine. Nilishukuru Mungu nikiwa nimekaa chini sakafuni kati ya makatoni.

Ila kuna jambo ulilifanya siku ile. Watu walikuwa wamejaa pale wodini, baba mdogo Evodius yupo, shangazi wa Kituntu yupo, mama amelala macho wazi, na mimi niko kwenye simu kwa sauti kubwa kama kawaida yako. Baba mdogo akauliza dawa hizi zimetoka wapi. Ukasema, "Ni za dada Restituta, atakuwa alichanganya kazini." Nilisikia, Nova. Nikasikia na mama akisema kwa sauti ndogo, "Mwacheni mwanangu, hakukusudia." Nikanyamaza. Sikutaka mama asikie watoto wake wakirushiana kosa juu ya kitanda chake. Nikalibeba. Nikasema moyoni, yatakwisha, nitakuja tutaongea mimi na yeye.

Ningelibeba mpaka leo kama lingekuwa la mama peke yake.

Juzi Jumatano, mchana, napakia, simu ikaita, namba ya Tanzania nisiyoijua. Mwanaume, ana lafudhi ya Kirundi, mpole sana. Akaniamkia, shikamoo dada, na mimi nadhani ni mdogo kwake. Akasema anaitwa Sibomana, anaishi Kituntu, analima vibarua kwa watu. Amepata namba yangu kwa shangazi ili aniambie asante. Nikamuuliza asante ya nini. Akasema, "Ya dawa, dada. Mke wangu Konsolata alijifungua, mguu ukavimba ukawa kama mgomba. Kaka yako alipokuja kununua maharage akauona, akasema anazo dawa za dada yake wa Kampala, za pinki, za kusafisha damu. Tukampa debe la maharage. Mguu umepungua. Mungu akubariki."

Nikamuuliza Konsolata anaendeleaje mbali na mguu. Akasema anaendelea vizuri, ila fizi zinatoa damu, na choo chake kimekuwa cheusi, na tangu asubuhi kichwa kinamuuma anataka chumba kiwe giza. Akasema wanafikiri ni ile damu mbaya inayotoka, dawa inafanya kazi.

Nikamwambia, "Kaka, acha unachofanya. Tafuta bodaboda sasa hivi, mpeleke hospitali, chukua na vidonge vilivyobaki uwaonyeshe." Akaniuliza, taratibu, kama mtu anayeogopa kunikosea, "Lakini dada, dawa si ni zako?" Nikasema peleka mgonjwa. Akasema sawa. Halafu, kabla hajakata, akaniambia neno ambalo limeninyima raha mpaka saa hii ninapoandika. Alisema, "Basi niwaambie na wenzangu? Maana tuko wengi tuliopewa."

Nilikupigia hapohapo. Nakuandikia tuliyoongea ili usije ukayasimulia vingine.

Nilisema, "Nova, umewapa watu wangapi?"

Ukasema, "Watu gani?"

"Konsolata wa Sibomana, Kituntu. Nani mwingine?"

"Aa, huyo tu dada. Nilimwonea huruma."

"Mume wake anasema wako wengi."

Ukacheka. Ukasema Warundi wanapenda kuongeza chumvi. Nikakwambia huyo mwanamke anavuja damu ndani. Nikasikia wapakiaji wako wanahesabu magunia nyuma yako. Kisha ukasema, "Dada, nilisaidia. Watu hapa wanakufa na vyeti vyao mfukoni kwa sababu ya bei. Wewe si ulimsaidia mama? Mimi nimefanya uliyofanya wewe." Nikakuuliza kwa nini ulivitoa kwenye boksi. Ukasema mpakani wangesumbua, na tena boksi zinajaza nafasi, na dawa ni ileile, pinki ni pinki. Nikakuuliza majina. Mtandao ukakatika. Nilipiga tena mara sita. Tangu hapo simu yako imezimwa.

Nimekasirika, sifichi. Lakini neno lako moja limenigusa mahali penyewe. Ni kweli watu wanakufa na vyeti mfukoni. Ni kweli uliona mguu wa yule mama ukataka kusaidia. Umejifunza kwangu kwamba dawa nafuu ipo ng'ambo ya mpaka, ukachukua hilo moja, mengine yote ukayaacha kwa sababu yanachosha. Daktari anachosha, kipimo kinachosha, forodha inachosha, boksi linajaza nafasi. Unajua kuangalia gunia la maharage ukaliona lina mchanga chini kabla hujalifungua. Hakuna anayeweza kukuuzia njano iliyochanganywa na mekundu. Halafu ukapokea dawa kutoka kwa mtu asiye na jina, ukaimimina kwenye mfuko wa nailoni, ukaamini rangi.

Konsolata amelazwa. Yuko wodi ileile ya mama, kitanda cha pili kutoka kwake. Kichanga chake kinanyonyeshwa na dada yake. Nesi ameniambia kwamba mama anamgawia uji wake na kumpepea kwa kanga, na anamuuliza ni nini kilimpata, naye hawezi kujibu. Mpaka leo asubuhi alikuwa hajasema neno. Mama anadhani ni malaria ya kichwa. Hakuna aliyemwambia kwamba wanaumwa kitu kimoja, na kwamba kimetoka kwenye mkono mmoja.

Sasa sikiliza vizuri ninachotaka.

Jana niliongea na daktari. Nimemweleza yote, na picha za vidonge nimemtumia, na Nalongo ameongea naye. Amewatumia habari zahanati za Kaisho na Kituntu wawe macho. Lakini aliniuliza swali moja tu, waliopewa ni akina nani? Zahanati inamngoja mgonjwa aje, na hawa hawaji, kwa sababu wanadhani wanapona. Mwenye majina ni wewe peke yako.

Usiniambie hukumbuki. Nakujua tangu utotoni, wewe majina ya watu yanakutoka lakini maharage yao huyasahau. Unajua ni nyumba gani ulikuta njano nzito, nyumba gani yalikuwa na unyevu ukayakataa, nani alikupa debe likawa pungufu. Basi pita njia hiyohiyo uliyopita na lori. Anzia Kituntu, rudi Kaisho, maliza Nkwenda. Kila mlango ulipopokea maharage kwa vidonge, shuka. Chukua pikipiki ya shemeji yetu kama lori halina mafuta, mwambie mimi nimesema.

Na usifike ukavichukua tu kama mtu anayedai vyake. Waambie ukweli kwa maneno mepesi, kwamba vina nguvu kupita kiasi na vinaweza kumtoa mtu damu ndani. Waulize mabaka, fizi, choo cheusi, kichwa. Mwenye lolote kati ya hayo aende hospitali jioni hiyohiyo, na wewe ndiye unampeleka. Asiye na dalili naye aende kupimwa, maana inakuja bila kupiga hodi. Waulize wanawake kama kuna mwenye mimba, hao wawe wa kwanza. Na kama kuna mtu ana ugonjwa wa moyo kweli, mwenye cheti chake, usimwambie aache dawa akae nyumbani, maana huyo akikaa bila kitu atapooza. Aende akapewe ya nguvu yake. Wote waende na vidonge walivyobakiza, daktari anataka kuviona na kuvihesabu.

Vilivyobaki kwako, vile kwenye stoo, nyuma ya mizani ndani ya dumu la mafuta lililokatwa, navyo vipeleke hospitali. Usishangae nimejuaje. Na usimguse Editha, wala usimwulize neno. Yule mwanamke amekunyamazia mengi.

Najua unachofikiri ukisoma hapa. Unafikiri, nikienda mlango kwa mlango nitakuwa nimejitangaza. Watasema Novatus ametuua. Hakuna atakayeniuzia tena hata kibaba. Ni kweli, inaweza kuwa hivyo. Inaweza kuwa na polisi pia, sitakudanganya kwamba nitaizuia. Lakini nimekaa na jambo hili siku mbili, nikiwa kazini, nikiwa kwenye foleni ya maji, na kila nikifumba macho sikuoni wewe, namwona mama fulani huko nyuma ya Kaisho, simjui sura, anatoka shambani, ananawa mikono, anachukua viwili vya pinki na maji ya mtungini, na anamshukuru Mungu kwa ajili yangu. Jioni ya leo atameza. Kesho atameza. Anameza kwa jina langu, Nova. Wewe ulilitumia jina langu ili wakuamini.

Ndiyo maana sikuishia kwa daktari.

Jumapili, kwenye misa ya kwanza, na kwa Walutheri kwenye ibada ya asubuhi, na kwenye vigango vyote vya Kaisho na Kituntu, litasomwa tangazo. Nimeliandika mimi, daktari amelipitia, padri na mchungaji wamekubali. Nilitaka kwanza liseme vidonge vya pinki tu, bila kumtaja mtu. Daktari akakataa. Akasema rangi hiyo wanayo wengi, wakisikia pinki peke yake, mama wajawazito watatupa vidonge vyao vya damu, wenye presha watatupa vya kwao, tutaua wengine kwa hofu. Lazima waambiwe vimetoka kwa nani. Niliomba sana. Hakuna namna nyingine.

Linasema hivi: "Yeyote aliyepewa vidonge vya pinki visivyo na boksi na mnunuzi wa maharage wa Nkwenda aitwaye Novatus, asivimeze tena. Aende hospitali leo pamoja na vidonge hivyo. Vidonge hivyo havikutoka kwa dada yake."

Hayo maneno ya mwisho ni mimi niliyeyaongeza. Nisamehe kama unaweza. Nimeyabeba ya mama, haya ya watu wengine siyawezi.

Tangazo litasomwa hata kama utakuwa umewafikia wote, kwa sababu mtu mmoja uliyemsahau anatosha. Kwa hiyo sikupi nafasi ya kulizuia. Nakupa nafasi ya kutangulia. Mama Pelagia anaondoka kesho alfajiri, akipita Murongo salama atakukabidhi hii Jumamosi mchana. Una jioni yote ya Jumamosi. Watakaokuona mlangoni siku hiyo, kwa miguu yako, na kwa mdomo wako, Jumapili wakisikia jina lako kanisani watakuwa na kitu kingine cha kulikumbukia. Hilo ndilo pekee ninaloweza kukufanyia, na nalifanya kwa kuwa nilikubeba mgongoni kabla hujajua kutembea.

Nisalimie mama, umwambie nitakuja mwisho wa mwezi, asisumbuke kunitafutia ndizi. Habari hii usimpe, nitampa mwenyewe, nikiwa nimemshika mkono. Nisalimie wifi yangu Editha na watoto, na shangazi wa Kituntu mwambie namba yangu aendelee kuitoa kwa yeyote atakayeiomba. Msalimie Sibomana ukimkuta pale nje ya wodi, huwa anakaa kwenye ngazi. Kaa naye kidogo hata kama hutakuwa na la kusema.

Na baba mdogo Evodius msalimie kwa heshima. Kama katekista, ndiye atakayelisoma tangazo hapo kwetu, kwa sababu padri atakuwa kigango kingine. Nilipomsomea jana kwenye simu alilia, mzee yule, mpaka nikadhani ameiacha simu. Kisha akaniuliza kama jina aliseme fupi, au aliseme lote, la ubatizo na la marehemu baba.

Nikamwambia lote.

Mimi dada yako wa tumbo moja,
Restituta.